Stadi za Watu Wazima Hupimwaje?

Mazungumzo haya yanahusu kipimo: namna nchi mbalimbali zinavyopima stadi za watu wazima. Nchi hujuaje kwamba watu wake wazima wanaweza kusoma? Hujuaje kwamba wanaweza kuhesabu, na kwamba wakikutana na tatizo geni wataweza kulitatua? Mwanafunzi ana mitihani yake, na ripoti hufika nyumbani mwisho wa muhula. Lakini mtu wa miaka 40, aliyeacha shule siku nyingi, hupimwa na nani, na kwa kitu gani?

Njia ya zamani kuliko zote ni kumuuliza. Karani wa sensa hupiga hodi, huketi na mkuu wa kaya, na akifika sehemu ya elimu huuliza kama kila mmoja aliyelala pale usiku wa sensa anajua kusoma na kuandika. Nchini Tanzania majibu hupangwa kwa lugha: anajua kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha zote mbili, kwa lugha nyingine, au hajui kabisa. Mkuu wa kaya hujibu kwa niaba ya mkewe, ya watoto, ya mama mkwe aliyeko jikoni. Karani huandika, kisha huendelea na swali linalofuata.

Ni njia nafuu, na kwa kuhesabu watu mamilioni hakuna nyingine inayowezekana. Lakini jibu lake lina thamani gani? Mume anaweza asijue kama mkewe bado anakumbuka herufi alizofundishwa utotoni. Mwenye aibu hatakiri mbele ya mgeni. Na mtu aliyemaliza darasa la saba miaka 30 iliyopita, asishike kitabu tena, atasema anajua, kwa sababu kweli alijua. Mwaka 1958 Unesco ilieleza kwamba anayejua kusoma ni yule anayeweza kusoma na kuandika, kwa kuelewa, sentensi fupi na nyepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Maelezo hayo ni mazuri. Ila mwenye kuulizwa mlangoni haonyeshwi sentensi yoyote.

Tafiti za afya na idadi ya watu, zinazofanywa katika nchi nyingi za Afrika, zilisogea hatua moja mbele. Mdodosaji hutoa kadi yenye sentensi fupi na kumwomba mhojiwa aisome kwa sauti. Akiisoma yote, huandikwa hivyo. Akisoma sehemu tu, huandikwa hivyo. Akishindwa, huandikwa hivyo. Waliosoma zaidi ya sekondari hawapewi kadi, huhesabiwa moja kwa moja kuwa wanajua. Hapo angalau kitu kimeshikwa mkononi na macho yamefanya kazi. Lakini msikilizaji ataona mara moja kwamba sentensi moja ya maneno manne au matano si barua ya benki, wala si maelekezo ya kupulizia dawa ya wadudu shambani.

Swali likabadilika. Watafiti wakaacha kuuliza, "Anajua au hajui?" wakaanza kuuliza, "Anaweza kufanya nini na maandishi, na anaishia wapi?" Mabadiliko hayo yanaonekana vizuri katika mfano mmoja uliotumika kwenye utafiti wa kimataifa wa miaka ya 1990. Mtu alipewa karatasi yenye lebo ya dawa ya asprini. Lebo ilikuwa na jina la dawa, na magonjwa inayotuliza: kichwa, maumivu ya misuli, jino, sikio. Ilikuwa na kipimo cha kumeza, yaani kidonge kimoja au viwili kila baada ya saa 6, ikiwezekana pamoja na chakula, kwa muda usiozidi siku 7. Ilikuwa na maonyo pia. Swali lilikuwa moja: dawa hii isitumike kwa zaidi ya siku ngapi?

Jibu ni siku 7. Ni jepesi, na katika mizani ya utafiti ule swali hilo liliwekwa ngazi ya chini kabisa. Lakini msikilizaji atazame kazi anayoifanya msomaji. Lazima ajue kwamba anatafuta siku, si saa. Lazima ayapite magonjwa bila kuyasoma yote. Lazima aione namba 1, namba 2 na namba 6, aziache, na ashike 7. Mtu anayeweza kutamka kila neno la lebo ile anaweza bado akajibu 6. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kutamka maandishi na kuyatumia, na tofauti hiyo ndiyo inayopimwa leo.

Fikra hii ilikuzwa sana Marekani. Mwaka 1985 walipimwa vijana wa nchi hiyo, na mwaka 1992 wakapimwa watu wazima wa rika zote, kwa maandishi ya aina wanayokutana nayo: fomu, ratiba za mabasi, habari za magazeti, hundi. Mwaka 1994 kipimo cha namna hiyo kikavuka mipaka. Shirika la takwimu la Kanada, likishirikiana na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi lenye makao yake Paris, liliongoza utafiti wa kwanza wa nchi nyingi kwa pamoja. Ufaransa ilishiriki, na ilipoyaona matokeo yake iliyakataa na kuyaondoa. Wataalamu wake walitilia shaka tafsiri ya maswali na namna mahojiano yalivyoendeshwa. Je, ilikuwa hasira ya kushindwa? Huenda ilikuwemo. Lakini hoja yao ilikuwa na uzito: swali likitafsiriwa likawa refu zaidi, au neno lililo kwenye swali lisifanane tena na neno lililo kwenye habari, basi mtu wa lugha hiyo amepewa mtihani mgumu zaidi kuliko jirani yake, na kulinganisha kunakosa maana. Tangu hapo kila nchi hutakiwa kufuata utaratibu mkali wa tafsiri, na kazi yake hukaguliwa tena na watu wengine kabla ya utafiti kuanza.

Utafiti mkubwa wa sasa ni wa OECD, nao huitwa kwa kifupi PIAAC. Awamu ya kwanza ilifanyika kati ya mwaka 2011 na 2018, katika nchi na maeneo 39. Awamu ya pili ilikusanya majibu yake mwaka 2022 na 2023, katika nchi na maeneo 31, kwa watu wapatao 160,000 wenye umri wa miaka 16 hadi 65. Matokeo yalitangazwa Desemba 2024. Utafiti huo unapima vitu vitatu: kusoma, kuhesabu, kutatua matatizo. Vitu hivyo vitatu vishikwe vizuri, maana vyote vinatokea tena mbele.

Kazi yenyewe hufanyika nyumbani kwa mhojiwa. Hakuna ukumbi wa mtihani, hakuna msimamizi anayetembea kati ya madawati. Mdodosaji hufika kwa miadi, huketi naye mezani, kwanza humuuliza habari za masomo, kazi, lugha anayoongea nyumbani, na anasoma nini kazini. Kisha humkabidhi kompyuta ndogo ya kugusa. Mtu hutumia kama saa moja, lakini hakimbizwi. Akitaka kufikiri, hufikiri. Akijibu vizuri maswali ya mwanzo, mashine humpandishia ugumu, akishindwa, humteremshia. Hivyo hakuna anayejibu maswali yote, na hakuna anayepewa alama zake mwishoni. Hili ni muhimu kulirudia: kipimo hiki hakimpimi mtu mmoja ili ajulikane amepata ngapi. Kinapima nchi, rika, wanaume na wanawake, wenye kazi na wasio nayo.

Swali la kuhesabu hufananaje? Moja lililowekwa wazi kwa umma linaonyesha picha ya boksi la mishumaa midogo 105. Tabaka la juu linaonekana: mistari 5, kila mmoja mishumaa 7. Boksi lina matabaka mangapi? Mwenye kuona kwamba 5 mara 7 ni 35, na kwamba 35 huingia mara 3 katika 105, amemaliza. Hesabu hiyo haikuandikwa kama hesabu. Hakuna alama ya kuzidisha wala ya kugawanya. Mtu lazima aione hesabu ndani ya boksi kabla ya kuifanya, na wengi hukwama hapo hapo, si kwenye jedwali la kuzidisha.

Na kutatua matatizo? Katika awamu ya kwanza stadi hii ilipimwa kwa mambo ya kompyuta: kuchambua barua pepe, kutafuta kazi kwenye tovuti kadhaa na kuchagua ile isiyotoza ada wala kudai kujisajili. Katika awamu ya pili kipimo kikawa kipana zaidi, kikaangalia namna mtu anavyobadilika hali inapobadilika. Mtu hupewa ramani ya mji na shughuli za asubuhi: ampeleke mtoto shule, apite dukani, arudi nyumbani kabla ya saa fulani. Anapanga njia. Kisha habari mpya inaingia na njia aliyoichagua haifai tena. Je, ataing'ang'ania? Ataanza upya kabisa? Au atabadilisha kile tu kinachohitaji kubadilishwa? Katika mizani ya utafiti huo, hii ya tatu ndiyo stadi.

Majibu yote huwekwa kwenye mizani ya alama 0 hadi 500, nayo hugawanywa katika ngazi. Katika kusoma, aliye chini ya ngazi ya kwanza anaweza kuelewa sentensi fupi, na si zaidi ya hapo. Wa ngazi ya kwanza hupata taarifa moja iliyo wazi, kama ile ya siku 7. Wa ngazi ya pili huunganisha taarifa mbili au zaidi. Wa ngazi ya tatu husoma maandishi marefu na kuchambua lipi linahusika na lipi halihusiki. Ngazi ya nne na ya tano ni za wachache kila mahali: wanaoweza kupima hoja zinazopingana na kutambua chanzo kipi kiaminiwe.

Katika awamu ya pili Ufini iliongoza kwa yote matatu, nayo Japani, Uholanzi, Norwe na Uswidi zikawa karibu yake. Lakini habari kubwa iko chini ya orodha za washindi. Kwa wastani, katika nchi tajiri zilizoshiriki, ambako shule ni ya lazima tangu zamani, karibu mtu mzima mmoja kati ya kila watano alibaki kwenye ngazi za chini kabisa kwa stadi zote tatu. Na kati ya awamu mbili, yaani ndani ya miaka kama 10, stadi ya kusoma ilipanda wazi katika nchi mbili tu, Ufini na Denmark. Kwingine ilisimama au ilishuka. Kwa hiyo msikilizaji anayedhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini peke yake, ajue kwamba si kweli.

Tafiti hizi zimefichua pia kwamba cheti na stadi havitembei pamoja kila mara. Awamu ya kwanza ilionyesha kwamba vijana wa Japani na Uholanzi walioishia sekondari walisoma vizuri kuliko wahitimu wengi wa chuo kikuu wa rika lao huko Italia na Hispania. Korea Kusini ilitoa picha nyingine: vijana wake walikuwa juu kabisa, na wazee wao, wenye miaka 55 hadi 65, walikuwa miongoni mwa waliofanya vibaya zaidi. Nyumba moja, babu na mjukuu, na kati yao iko historia yote ya nchi iliyojenga shule kwa kasi baada ya vita. Wastani mmoja wa taifa ungelificha jambo hilo.

Sasa lifuatalo linawagusa wasikilizaji walioko ughaibuni. PIAAC hupima kwa lugha ya nchi. Mtu wa kutoka Bukavu au Uvira anayeishi Norwe, anayesoma Kiswahili na Kifaransa bila shida, akichaguliwa atapimwa kwa Kinorwe. Akipata ngazi ya kwanza, takwimu itasema kweli kuhusu jambo moja: kwamba barua ya ofisi ya serikali itamsumbua. Haitasema kwamba hajui kusoma, na gazeti linaloandika hivyo linamkosea. Watayarishaji wa awamu ya pili waliliona pengo hilo, wakaweka mahojiano mafupi sana ya lugha mbalimbali kwa wasioelewa kabisa lugha ya nchi, ili angalau umri na elimu yao viingie kwenye hesabu. Ni hatua, lakini stadi zao bado hazijapimwa kwa lugha yao.

Tukirudi Afrika, hakuna nchi ya bara hili iliyoshiriki awamu yoyote kati ya hizo mbili. Je, hiyo ina maana kwamba huku hakuna aliyewahi kupima? Hapana. Na hapa panafaa kukaa kidogo.

Mwezi Septemba 1965 mawaziri wa elimu walikutana Tehran, na kutokana na mkutano ule Unesco ilianzisha majaribio ya kisomo katika nchi kadhaa. Tanzania ilipewa moja, nalo likafanyika kandokando ya Ziwa Viktoria, kituo chake kikiwa Mwanza, kuanzia mwaka 1968. Vitabu vya kujifunzia viliandikwa kwa Kiswahili kuhusu kazi za watu wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, malezi. Hicho ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kampeni ikaenea nchi nzima, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa kwa wanakisomo, mamilioni ya watu kwa mara moja.

Mtihani ule haukuuliza ndiyo au hapana. Ulikuwa na ngazi nne. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya aliyehudhuria madarasa. Ya pili, aliyetambua maneno na alama. Ya tatu, aliyeweza kusoma sentensi nyepesi bila kukwama, kuiandika na kufanya hesabu ndogo. Ya nne, aliyeweza kusoma gazeti, kufuata maelekezo ya kitabu, na kuweka kumbukumbu ya mapato na matumizi yake. Msikilizaji alinganishe ngazi hizo na zile za OECD. Fikra kwamba kisomo kina madaraja, na kwamba daraja la juu ni lile la kuyatumia maandishi katika kazi, ilikuwa ikipimwa vijijini Tanzania miaka karibu 20 kabla ya ule utafiti wa kwanza wa nchi nyingi. Mitihani ilirudiwa, na takwimu za serikali zikaonyesha wasiojua kusoma wakipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Takwimu hiyo ya mwisho itazamwe kwa uangalifu, kwa kuwa mtihani uliwapima waliokuwa madarasani, na mtu huweza kusahau asipokuwa na cha kusoma. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa cha kweli, na ni hasara kubwa kwamba hakikuendelezwa.

Kenya ilifanya yake mwaka 2006. Utafiti wa taifa wa kisomo cha watu wazima uliingia majumbani na kuwapa watu maswali halisi, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za wenyeji. Waliofikia kiwango cha chini cha kusoma walikuwa asilimia 61.5. Waliofikia kiwango kinachotakiwa, cha kusoma na kuendelea kujifunza wenyewe, walikuwa asilimia 29.6 tu. Namba hizo mbili zikae pamoja masikioni: nchi ile ile, mwaka ule ule, watu wale wale. Kama serikali ingechukua ya kwanza peke yake, ingedhani karibu theluthi mbili ya kazi imekwisha. Baadaye Benki ya Dunia ilipima wakazi wa mijini Kenya kwa maswali yaliyowekwa kwenye mizani moja na ya PIAAC, na Unesco nayo ilijaribu kipimo chake kwa nchi zinazoendelea.

Je, kipimo cha Kiswahili cha leo kingeuliza nini? Vifaa vipo mikononi mwa watu. Achukuliwe mnunuzi wa umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, jijini Mwanza. Ujumbe unaingia kwenye simu: tokeni yenye tarakimu 20, idadi ya uniti, gharama ya umeme wenyewe, VAT, makato ya EWURA, mdhibiti wa nishati, na ya REA, wakala wa umeme vijijini. Kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi imo pia kodi ya jengo. Mnunuzi huyo, mama mwenye nyumba, analalamika: juzi alinunua kwa fedha ile ile akapata uniti nyingi, leo zimepungua. Kuingiza tokeni kunamtaka ahamishe tarakimu 20 bila kukosea. Kutaja idadi ya uniti kunamtaka aipate namba moja kati ya nyingi. Kueleza kwa nini zimepungua kunamtaka aweke jumbe mbili pamoja, aone mstari uliomo huku na usiomo kule, na atoe hesabu. Na kuamua anunue mara moja kwa mwezi au kidogo kidogo, ajue kama kuna tofauti, hilo ni tatizo kamili la kutatua. Kusoma, kuhesabu na kutatua matatizo, vyote ndani ya ujumbe mmoja.

Kipimo cha namna hiyo kingelazimika pia kulishughulikia swali ambalo PIAAC hailigusi sana. Mchuuzi wa samaki katika soko la Feri jijini Dar es Salaam hujumlisha, hukata bei na hurudisha chenji kichwani, upesi kuliko mwenye kikokotoo, na huenda asiweze kusoma jedwali la bei ubaoni. Je, anajua kuhesabu? Katika utafiti unaotumia maandishi pekee ataonekana hajui. Utafiti wa Afrika Mashariki ungepaswa kuwa na sehemu ya mdomo, mdodosaji akiuliza kwa sauti na kuandika jibu, ili hesabu ya mtu huyo isipotee kwa sababu ya herufi.

Mwaka 2015 nchi zote za Umoja wa Mataifa zilikubali lengo la 4.6 la maendeleo endelevu, linalozitaka zihakikishe kwamba ifikapo mwaka 2030 vijana wote na sehemu kubwa ya watu wazima wana kisomo na stadi ya kuhesabu. Kiashirio kilichowekwa hapo mwanzo hakikutaja wanaojua na wasiojua. Kilitaja waliofikia kiwango maalumu cha ustadi, kwa wanawake na kwa wanaume. Jibu la mkuu wa kaya haliwezi kukijaza kiashirio hicho. Linalowezekana kwa nchi zisizo na fedha za utafiti mkubwa ni kipimo kifupi, cha maswali machache yaliyopangwa kwa ngazi, kinachopachikwa ndani ya utafiti wa kaya ambao tayari unafanyika kila baada ya miaka michache. Mdodosaji amekwisha kufika mlangoni, ameketi, na kadi ya sentensi moja tayari anayo mfukoni. Kinachobaki ni kumwongezea kadi ya pili na ya tatu, zenye lebo ya dawa na ujumbe wa simu, na kumpa mafunzo ya kuziuliza.